Farasi Mkali, Farasi Mwoga: Homeopathi na Tabia za Farasi

Hotuba kwa masaisi, wapanda farasi na wamiliki wa farasi, Nairobi

Mabibi na mabwana, wazee wangu, na ninyi masaisi mlioamka gizani mkalisha na kusafisha mabanda ndipo mkaja kunisikiliza, hamjambo. Ahsanteni kwa mwaliko.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo husemwa kwa kunong'ona daktari anapoingia uani. Ni vile vichupa vya vidonge vyeupe vitamu, au vya matone, vinavyoagizwa kutoka Uingereza, Ujerumani au India, ambavyo kila kimoja husemekana kinamfaa farasi wa tabia fulani. Kipo cha farasi mwoga, kipo cha farasi mkali, kipo cha jike mwenye hasira, kipo cha yule mzito asiyetaka kuondoka langoni. Mimi ni daktari wa mifugo, na farasi ndio kazi yangu. Sikuja kumcheka mtu. Anayempa farasi wake homeopathi ni mtu anayempenda farasi huyo, na mara nyingi amemtazama kwa makini kuliko jirani yake asiyempa kitu. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba kule kumtazama kuna thamani kubwa sana, na kile kichupa hakina. Na kwamba tabia mnayotaka kuitibu, mara nyingi mno, ni maumivu.

Tiba hii aliianzisha Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mji wa Meissen mwaka 1755. Mwaka 1790, alipokuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha Mskoti William Cullen, alikula gome la mkwinini akiwa mzima wa afya, akasikia mwilini dalili zilizofanana na homa ya vipindi, ile ile ambayo gome hilo huitibu. Akatoa kanuni: kinachomletea mzima dalili, kitamponya mgonjwa mwenye dalili kama hizo. Aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1796, na mwaka 1810 akaiandikia kitabu kizima. Tusimhukumu kwa macho ya leo. Madaktari wa zama zake waliwatoa wagonjwa damu kwa bakuli na kuwanywesha zebaki. Mgonjwa aliyepewa maji matupu na maneno ya upole kwa kweli alikuwa na bahati kuliko mwenzake.

Baadaye wafuasi wake waliikuza picha ya mgonjwa. Hawakuuliza tu mtu anaumwa wapi. Waliuliza ni mtu wa namna gani. Anapenda joto au baridi? Akiwa na huzuni hutaka kubembelezwa au kuachwa peke yake? Picha hizo zikahamishiwa kwa wanyama, na farasi, kwa kuwa kila mmoja wao ana tabia yake waziwazi, akawa mteja mzuri.

Nawaelezea picha hizo kama wenyewe wanavyozieleza, kwa sababu zinastahili kusikilizwa. Pulsatilla, ua la zambarau la Ulaya, hupewa jike mpole, mwepesi wa kubadilika, anayelia kwa sauti mwenzake akitolewa bandani. Fosforasi hupewa farasi mwembamba, mchangamfu, anayependa watu lakini anaruka radi ikipiga. Salfa ni ya yule mwenye manyoya yasiyong'aa hata umsugue vipi, anayejikuna kila mti, mvivu. Calcarea carbonica, iliyotengenezwa kwa gamba la chaza, ni ya mnene, mtulivu, mzito wa kufundishika. Sepia ni wino wa ngisi, naam, ngisi huyu huyu tunayemla Pwani, nayo hupewa jike anayekunja masikio ukimkaribia, asiyetaka kuguswa. Natrum muriaticum ni ya farasi aliyefiwa na mwenzake akajifungia moyoni. Na Nux vomica, kutoka kwa mbegu zenye striknini, ni ya farasi mwenye hasira za haraka, anayefanyishwa kazi nyingi, anayelishwa nafaka nyingi, anayesimama bandani saa nyingi, na mwenye matatizo ya tumbo ya mara kwa mara.

Hiyo ya mwisho iwekeni akilini. Nitairudia.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe. Kipimo ambacho mtakikuta kwenye vichupa vingi ni 30C. Maana yake ni kwamba sehemu moja ya kitu imetiwa katika sehemu 99 za maji au kileo, ikatikiswa. Kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo ikatiwa tena katika sehemu 99. Na hivyo hivyo mara 30. Ukiandika ni kiasi gani kimepunguzwa, utaandika moja na sifuri 60 mbele yake. Kemia inatuambia kwamba ukifika hatua ya 12 umeshaivuka idadi ya Avogadro, yaani hesabu ya molekuli zilizomo katika kipimo kimoja cha wanakemia, ile 6 inayofuatwa na sifuri 23, kwa hiyo hatutarajii kubaki na hata molekuli moja ya kile ulichoanza nacho. Hatua 18 zilizosalia ni kuchanganya maji kwa maji. Kidonge kikipuliziwa maji hayo na kukauka, kilichobaki ni sukari.

Natrum muriaticum inatosha kuwa mfano. Ni chumvi ya mezani, basi. Farasi anayelamba jiwe lake la chumvi ukutani asubuhi hii amepata chumvi nyingi kuliko atakayoipata kwenye vichupa vyote vya duniani vya kipimo hicho. Kama chembe isiyokuwepo ingeweza kumwondolea huzuni, lile jiwe lingekuwa limekwisha kumfanyia jambo kubwa zaidi, jema au baya.

Wenye homeopathi husema maji hukumbuka. Haijapata kuthibitishwa kwamba maji hukumbuka. Na majaribio yamefanyika, tena mengi. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti nyingi za homeopathi kwa binadamu likahitimisha kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba inautibu. Mwaka 2017 chuo cha kifalme cha madaktari wa mifugo cha Uingereza, chenye mamlaka juu ya leseni zao, kilitamka kwamba homeopathi haina msingi wa ushahidi unaotambulika, na kwamba isitumiwe badala ya tiba zenye ushahidi. Sitakaa sana hapo. Najua takwimu hazimshindi mtu aliyeona kwa macho yake.

Kwa sababu swali ninaloulizwa kila mara ni hilo: "Daktari, mbona mimi nimeona? Nilimpa jioni, asubuhi alikuwa farasi mwingine." Nawaamini mnaponiambia farasi alibadilika. Tuulizane ni nini kilichombadilisha.

Mambo mengi hupoa yenyewe. Jike anapokuwa kwenye joto lake hali hiyo huchukua siku 5 hadi 7 hivi katika mzunguko wa siku 21, na sisi tulio karibu na ikweta tunaweza kuyaona hayo mwaka mzima. Ukimpa Sepia siku ya nne ya ukali wake, siku ya saba atakuwa mpole. Angekuwa mpole hata usingempa.

Halafu kuna macho yetu sisi. Nchini Marekani, Conzemius na Evans walichunguza mbwa wenye kuchechemea ambao walipewa dawa bandia, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Mizani ya ardhini iliyopima uzito ambao mbwa anauweka kwenye kila mguu haikuona mabadiliko, lakini wenye mbwa waliona nafuu, na madaktari wa mifugo nao waliona nafuu. Tunapotaka mnyama apone, tunamwona amepona. Hakuna aibu katika hilo. Ila aliyebaki na maumivu ni mbwa.

Na la tatu, ambalo mimi ndilo hunigusa zaidi, ni kwamba farasi anatusoma. Mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Berlin palikuwa na farasi aliyeitwa Hans, mali ya mwalimu Wilhelm von Osten, aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato chini. Kamati ya mwaka 1904 haikuona udanganyifu wowote. Oskar Pfungst ndiye aliyegundua siri, akaichapisha mwaka 1907: Hans alikuwa akimtazama muulizaji, na hesabu ilipofika kwenye jibu, muulizaji aliinua kichwa kidogo sana bila kujua, naye Hans akaacha kugonga. Muulizaji asipolijua jibu, au Hans asipomwona, hesabu zilimshinda. Karne moja baadaye, huko Uswidi, Linda Keeling na wenzake waliwaambia watu waliokuwa wakiwaongoza au kuwapanda farasi kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla njiani. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda kwa kuungojea, na mapigo ya farasi, ambao hawakuambiwa lolote, yakapanda pamoja nao.

Basi mwenye farasi aliyetia matone kwenye maji na kuamini kwamba tatizo limeshughulikiwa huingia bandani mabega yameshuka, anapumua vizuri, hamshiki hatamu kwa kumkaba. Farasi anatulia. Utulivu huo ni wa kweli kabisa! Umetoka kwa mtu, na mtu huyo anaweza kuupata bila kuununua.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingetumia asubuhi yenu kwa hotuba. Sukari haimdhuru farasi. Kinachomdhuru ni muda unaopotea.

Turudi kwa yule farasi wa Nux vomica: hasira, kazi nyingi, nafaka nyingi, kusimama bandani, tumbo. Ndugu zangu, huyo si tabia. Huyo ni farasi mwenye vidonda vya tumbo, ameelezwa kwa ustadi kuliko vitabu vingi vya tiba. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, ale asile, kwa sababu ameumbwa kuchunga karibu siku nzima. Mate yake, ambayo ndiyo huipunguza makali ile asidi, hutoka anapotafuna tu. Na sehemu ya juu ya tumbo lake haina ule utelezi wa kuikinga. Mpe nafaka asubuhi na jioni, mnyime nyasi kutwa, mkimbize akiwa mtupu, na asidi itarukaruka ndani hadi ikafika pale pasipo kinga. Tafiti za farasi wa mbio walio katika mazoezi zimewakuta na vidonda wengi wao, mara nyingine zaidi ya 8 katika kila 10.

Kuna jike mmoja niliitiwa, mwekundu, mzuri wa kutazama. Kwa miezi alikuwa akipewa Sepia kwa sababu ya ukali. Nilimwomba saisi wake amtandike mbele yangu kama kawaida, nami nikasimama pembeni. Tandiko lilipotua mgongoni hakufanya lolote. Saisi alipoinama kuuchukua mkanda wa chini ya tumbo, kabla haujamgusa, masikio yalilala nyuma, mikunjo miwili ikajichora juu ya pua, mkia ukapiga mara moja kwa nguvu. Mkanda ulipokazwa tundu la pili aligeuza shingo akauma hewa karibu na bega la yule kijana. Hakumwuma. Alikuwa anaomba. Siku iliyofuata, akiwa hajala tangu usiku, tulimpitishia kamera yenye mrija wa mita 3 kupitia puani hadi tumboni. Pale panapokutana sehemu nyeupe ya juu na sehemu nyekundu ya chini, vidonda vilikuwa vimepangana, vya manjano katikati, vyekundu pembezoni. Alipewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, nafaka ikapunguzwa, nyasi kavu zikawekwa mbele yake usiku kucha, na kila kabla ya mazoezi akawa anapewa konzi chache atafune. Siku hizi yule saisi humfunga mkanda huku akipiga soga na jirani.

Ndiyo maana nasema tusiipe tabia jina kabla ya kuuliza mwili. Yule mwoga wa Fosforasi, anayeruka kila kivuli kinapotokea upande wa kushoto? Mpelekeni mahali penye giza mkamulike jicho la kushoto. Ugonjwa wa jicho unaorudi rudi humwibia farasi kuona kidogo kidogo, na farasi asiyeona upande mmoja ana haki ya kuogopa. Yule mvivu wa Salfa anayejikuna? Kujikuna huenda ni visubi wanaomuuma shingoni na mkiani jioni, na uvivu huenda ni homa ya kupe. Inueni mdomo wa juu mtazame ufizi. Unatakiwa uwe wa waridi; ukiubonyeza kwa kidole ukageuka mweupe, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ukiwa umepauka au una umanjano, na mkojo una rangi ya chai, mniite leo, msingoje kesho. Yule anayetupa kichwa akivutwa lijamu? Magego ya farasi huota makali, ya juu upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi. Na jike aliyegeuka akawa na hasira za kidume, anawapanda majike wenzake, anaweza kuwa na uvimbe kwenye kifuko cha mayai, na uvimbe huo hutolewa kwa upasuaji.

Daktari Sue Dyson wa Uingereza na wenzake walichapisha mwaka 2018 orodha ya tabia 24 za farasi aliyepandwa: masikio yaliyolala nyuma, mdomo unaofunguka na kufunga, mkia unaochapa, kujikwaa, kukataa kwenda mbele na nyinginezo. Farasi akionyesha 8 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba anaumwa mahali. Tazameni orodha hiyo mkilinganisha na picha za homeopathi. Mtashangaa jinsi zinavyokaribiana. Wote wameona vitu vile vile. Ila mmoja ameviita asili ya farasi akatafuta chupa inayofanana nayo, mwingine ameuliza ni wapi panauma.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na farasi ni mficha maradhi wa kuzaliwa. Porini anayechechemea ndiye anayeliwa. Punda ni msiri zaidi hata kuliko yeye, kama wajuavyo ndugu zetu wa Lamu. Kwa hiyo maumivu yake yakifika mahali pa kuonekana katika tabia, yamekwisha kaa sana.

Sasa kuna mambo mawili ambayo sitayasema kwa upole.

La kwanza ni chanjo. Wako wanaouza matayarisho ya homeopathi yatokanayo na kitu cha ugonjwa wenyewe, kisha yakapunguzwa hadi kutobaki na kitu, wakisema yanakinga badala ya chanjo. Hapa kwetu tuna ugonjwa wa farasi wa Afrika. Una aina 9 za virusi, huenezwa na visubi, na ukishika mapafu unaweza kuua hadi 95 katika kila 100 walioupata. Farasi aliyekula vizuri asubuhi anaweza kulala chini jioni na povu jeupe puani. Punda milia huvibeba virusi hivyo bila kuugua, na sisi hapa tunaishi uzio kwa uzio nao. Hakuna dawa ya kuuponya. Kuna chanjo, kuna kumwingiza farasi ndani kabla jua halijazama hadi baada ya kuchomoza, kuna wavu madirishani na dawa ya kufukuza wadudu. Mtu asimwambie yeyote kati yenu kwamba maji yatasimama mahali pa hayo. Tafadhalini sana.

La pili linawahusu wa mbio na mashindano. Wengi hukimbilia homeopathi kwa kuogopa vipimo vya dawa zilizokatazwa. Lakini si kila kichupa ni kitupu. Vile vilivyopunguzwa mara chache, vyenye alama kama D1 au D2, au vya dawa mama, yaani ile ya mwanzo ambayo haijapunguzwa, vinaweza kuwa na kitu chenyewe ndani. Nux vomica ina striknini, Belladonna ina atropini, na zote mbili zimo katika orodha ya shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, ya vitu visivyoruhusiwa mashindanoni. Someni lebo.

Mtaniuliza: na kama daktari ameangalia jicho, jino, tumbo, mgongo, mguu, damu, hakuona kitu, na farasi bado ni mwoga? Wapo. Tabia ipo, sitaki mfikiri naikana. Farasi wa Kiarabu si sawa na farasi mzito wa kukokota, na ndugu wawili wa mama mmoja hawafanani. Huyo anahitaji maisha yanayomfaa. Mwoga apewe mwenzake mtulivu wa kutembea naye njiani, na lile gunia la plastiki linalomtisha liwekwe mbali, atulie, alipwe, lisogezwe hatua moja kesho. Anayelia mwenzake akitoka azoeshwe kwa dakika chache chache, asiachwe peke yake saa nzima. Mwenye moto mwingi atoke nje muda mrefu zaidi, nafaka ipungue, nyasi ziongezeke. Farasi wa kilo 450 anahitaji angalau kilo 7 hivi za lishe kavu ya nyasi kwa siku. Wengi ninaoitiwa kwa ukali hawafiki hapo.

Na ninyi masaisi, ambao katika mikutano kama hii huwa mnakaa nyuma: taarifa bora ninazopata zinatoka kwenu. Mwenye farasi humwona saa moja kwa siku. Ninyi mnaujua usingizi wake. Nikija, msingoje niulize. Niambieni ni lini alianza kuacha nyasi, ni mguu gani anaupumzisha kila mara, ni upande gani hataki kusuguliwa. Na wenye farasi, muwasikilize hawa kabla ya kuagiza chochote nje.

Joto la farasi mzima ni nyuzi 37.5 hadi 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16. Kila farasi ana namba yake ndani ya hizo, na ni lazima muijue akiwa mzima ili muitambue akiugua. Nimekuja na vipimajoto vya kutosha kwa kila banda, na vimelipiwa. Mwenye saa ya mkononi yenye sekunde aje nayo. Tunaanza na yule mweusi wa mwisho, anayesemekana ni mkorofi.